Masurufu ya Msafiri na Njia ya Kurudi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewaumbia waja Wake ardhi yenye nafasi, akaiwekea milima na mabonde, mito na maziwa, na njia za kupitia baina ya hayo. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad.  Nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu katika kukaa kwetu na katika kwenda kwetu.

Mazungumzo yetu ya Ijumaa ya leo yanahusu safari, na hasa safari ya mtu ambaye hajapata kusafiri. Huenda wakawako watu wanaodhani kwamba habari za nauli, tiketi na mizigo hazistahili kutajwa juu ya mimbari. Lakini mwenye kuvifungua vitabu vya fiqhi atakuta kwamba wanazuoni wameweka mlango maalumu kwa ajili ya msafiri: sala ya msafiri, saumu ya msafiri, tohara ya msafiri, na haki ya msafiri katika Zaka. Dini isingelimshughulikia msafiri kwa kiasi hicho kama hali yake isingelikuwa nzito. Msafiri ni mtu aliyetoka katika ulinzi wa jamaa zake akaingia miongoni mwa watu wasiomjua. Akiugua hana mama wa kumwuguza, akiibiwa hana ndugu wa kumkopesha, na akipotea hana jirani wa kumrudisha njiani.

Ndugu Waislamu, mfano wetu wa kwanza katika mambo yote ni Mtume wetu (S.A.W.). Tuitazame safari yake ya Hijra, kutoka Makka kwenda Madina, mwaka 622. Yeye alikuwa ni mtu aliyeahidiwa msaada wa Mola wake, na lau angelitoka mikono mitupu bila ya matayarisho yoyote, nani angelimlaumu? Walakini hakufanya hivyo. Alichagua mwenzi wa safari, naye ni Abubakar Siddiq (R.A.). Ngamia wawili walitayarishwa mapema, wakalishwa wakapata nguvu. Aliajiriwa kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, mtu ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, lakini alizijua njia za jangwani na alikuwa mwaminifu katika kazi yake. Asmaa binti Abubakar aliupasua mshipi wake akafungia masurufu. Nduguye, Abdullah, alikuwa akileta habari za mjini wakati wa usiku. Aamir bin Fuhayra, mchungaji, aliwapelekea maziwa, na kundi lake likafuta nyayo za waliopita. Wakakaa siku tatu katika pango la Thawr, lililo upande wa kusini mwa Makka, ilhali Madina iko kaskazini, ili waliokuwa wakiwatafuta wachoke. Na Ali bin Abi Talib (R.A.) aliachwa nyuma ili awarudishie watu amana zao.

Tazameni basi. Katika safari hiyo moja mna mwenzi, mna kipando, mna mjuzi wa njia, mna chakula, mna habari, mna subira, na mna amana za watu zilizorudishiwa wenyewe. Huko ndiko kumtegemea Mwenyezi Mungu. Wapokezi wametusimulia vile vile kwamba walikuwako watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakisema wao ni wenye kumtegemea Mungu, kisha wakifika Makka huombaomba watu. Ndipo ikateremka amri katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 197, ya kuwataka mahujaji wachukue masurufu, na kuwakumbusha kuwa masurufu yaliyo bora kabisa ni ucha Mungu. Aya hiyo imeyakusanya mawili: mkoba wa chakula na moyo wenye hofu ya Mungu. Mwenye kubeba kimoja akakiacha kingine ametoka na nusu ya masurufu.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuyalete mafunzo hayo katika nchi yetu. Tuchukue mfano wa mahali pamoja ili maneno yetu yasielee hewani. Tumchukue kijana wa Heru Juu, katika vilima vya Kasulu, Mkoa wa Kigoma. Kijana huyo amezaliwa katika hali ya hewa ya ubaridi, amelima maharage na mahindi pamoja na wazazi wake, na mji mkubwa alioufahamu ni Kasulu. Siku moja anaazimia kwenda mbali: pengine ni kazi ya mashamba ya tumbaku huko Urambo au Kaliua, pengine ni biashara Mwanza, pengine ni masomo Tabora, na aghalabu ni kutafuta riziki Dar es Salaam.

Safari hii si mpya kwa watu wa Buha. Zama za ukoloni, vijana wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha chama chao cha kuandikisha vibarua, kikijulikana kwa jina la SILABU, na Kigoma ikawa moja ya sehemu kubwa walikoandikishwa watu. Walishuka milima, wakapanda treni ya Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, wakavuka nchi nzima kutoka magharibi hadi mashariki. Watu wakawaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Wako waliotimiza mkataba wakarudi na nguo na baiskeli. Wako pia ambao hawakurudi kamwe, na mpaka leo wako wajukuu wa Waha katika wilaya za mkonge ambao hawajapata kuiona Kasulu. Tunaitaja habari hii kwa sababu inatufunza jambo lililo msingi wa hotuba yetu ya leo. Kwenda si kazi ngumu, kwani atakayekuhitaji atakulipia nauli ya kwenda. Kazi ni kujua utarudi vipi.

Ndugu Waislamu, masurufu ya kwanza ya msafiri ni habari. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla ya kutoka, kijana aulize: naenda mtaa gani, kwa nani, kufanya kazi gani, kwa ujira gani, nitalala wapi? Tena aulize watu waliotoka huko karibuni, si waliotoka zamani tu, maana mambo hubadilika. Mzee aliyekwenda Dar es Salaam miaka mingi iliyopita atamwambia kijana kwamba basi litamshusha Ubungo. Lakini tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani yana kituo kikubwa cha Mbezi Luis, kilichopewa jina la Rais Magufuli. Mzee huyo amesema alilolijua, na wala hakusema uongo. Lakini kijana akimweleza mpokeaji wake kwamba watakutana Ubungo, kila mmoja atamsubiri mwenzake mahali pake mpaka usiku uingie.

Masurufu ya pili ni karatasi. Mkoa wa Kigoma umepakana na Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Kongo. Nchi hii imewapokea wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972 na tena mwaka 1993, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliotoka Kongo. Kwa sababu hiyo msafiri wa kutoka upande huo huulizwa sana uraia wake katika vizuizi vya barabarani. Basi asiondoke bila ya kitambulisho cha taifa, na ambaye hajakipata achukue barua ya serikali ya kijiji chake. Nakala ya kitambulisho aiache nyumbani. Aandike kwenye karatasi, kwa wino, namba za simu za watu wawili au watatu, kwani simu huibiwa, huzimika na huanguka majini, na aliyezihifadhi namba zote ndani ya simu hujikuta hana hata namba ya baba yake.

Masurufu ya tatu ni fedha, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Msafiri agawe fedha zake mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la njiani, nalo likae mfukoni karibu. Fungu la pili ni la kuanzia maisha siku chache za mwanzo, nalo lifichwe mahali pengine, wala lisihesabiwe mbele za watu. Fungu la tatu ni nauli ya kurudi. Hili la tatu asilihesabu kuwa ni mali yake. Alihesabu kuwa ni amana aliyowekewa na wazazi wake, isiyoguswa kwa chakula, kwa nguo wala kwa kumkopesha rafiki.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kwa sababu mwenye nauli ya kurudi anaweza kukataa. Akifika akaambiwa kwamba kazi aliyoahidiwa imekwisha lakini iko nyingine ya haramu, atakataa. Akiambiwa kwamba ujira ni nusu ya ule waliopatana, ataweza kusema hapana. Akiona nyumba aliyofikia si nyumba ya heshima, atachukua mzigo wake na kuondoka. Lakini aliyefika bila ya senti yuko chini ya mkono wa aliyemleta. Wengi walioingia katika wizi, ulevi na uchafu mijini hawakutoka kwao wakiwa na nia hiyo. Walitoka wakiwa vijana wema, wakafika mahali pasipo na mlango wa kurudia. Kwa hiyo, enyi wazazi, ikiwa hamjaipata nauli ya kurudi, basi safari haijawa tayari. Mwache mtoto angojee msimu mmoja wa maharage. Haraka haraka haina baraka.

Masurufu ya nne ni mwenzi. Mtume (S.A.W.) hakupenda mtu asafiri peke yake, na ametufundisha kwamba wasafiri wakiwa watatu wamchague mmoja wao awe amiri. Yako manufaa makubwa katika mafunzo hayo. Mmoja akilala, mwingine huangalia mizigo. Mmoja akishuka kununua maji, mwingine humzuia dereva. Na kwa kuwa wana amiri, hawagombani kituoni juu ya kupanda gari hili au lile.

Na kabla ya kuvuka kizingiti, msafiri alipe madeni yake au awaombe wanaomdai wampe muda. Arudishe amana za watu. Aandike wasia wake. Awaachie matumizi walio chini yake. Na awatake radhi wazazi. Akiwa ni siku ya Ijumaa, ajue kwamba katika madhhabi ya Imamu Shafii haifai kwa anayewajibikiwa na Ijumaa kuanza safari baada ya alfajiri, ila ikiwa anatumaini kuipata Ijumaa njiani au akihofia kudhurika kwa kuachwa na wenzake. Kisha asome dua ya kupanda kipando, ambayo waalimu wetu wa madrasa wametuhifadhisha, na ambayo maana yake inamkumbusha msafiri kwamba kuna marejeo mengine kwa Mola wake yanayomngojea.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya Pili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake Mwaminifu. Ndugu Waislamu, katika sehemu ya kwanza tumezungumza juu ya matayarisho. Sasa tumfuate msafiri wetu njiani.

Jambo la kwanza njiani ni kipando chenyewe. Msafiri akate tiketi mwenyewe katika ofisi ya kampuni, na asimpe fedha mtu anayemkimbilia kituoni akimwita ndugu. Aisome tiketi: jina lake, siku, saa, namba ya gari na namba ya kiti. Na akikuta chombo kimejazwa kupita kiasi, asipande, hata kama nauli yake itapotea. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na waliofariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho pia kilikuwa kimejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 220. Wenzetu hao tunawaombea rehema. Lakini sisi tulio hai tusiseme ni kudra tu kisha tukaingia katika mtumbwi wa Ziwa Tanganyika uliojaa hadi maji yanagusa ukingo. Kuitupa nafsi katika maangamizi kumeharimishwa, na anayekataa kupanda chombo kibovu ametii amri ya Mola wake. Wala asione haya akichekwa na waliopanda.

Jambo la pili ni chakula na afya. Mtu wa milimani achukue chakula kikavu kisichoharibika upesi: karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi. Achukue maji yake, kwa kuwa treni ya kutoka Kigoma hupita Uvinza, Kaliua, Tabora na Dodoma, ikikesha njiani, na si kila stesheni ina maji safi. Asipokee chakula wala kinywaji kilichokwisha kufunguliwa kutoka kwa asiyemjua, bali ashukuru kwa adabu na aseme ameshiba. Usiku wa treni huwa na baridi, kwa hiyo shuka isikae chini ya mizigo. Zaidi ya hayo, ajue kwamba anashuka kutoka nchi ya juu kwenda nchi ya chini. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam iko pwani kabisa. Huko joto ni kali na mbu ni wengi. Chandarua ni katika masurufu. Akishikwa na homa katika majuma ya mwanzo asiseme ni uchovu wa safari. Aende kupimwa damu siku hiyo hiyo.

Jambo la tatu ni sala. Wako vijana ambao safari yao ya kwanza huwa ndiyo mwanzo wa kuacha sala, kwa kudhani kwamba ndani ya gari haiwezekani. Dini imewarahisishia. Mwenye safari ndefu iliyo halali anaruhusiwa kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, ama Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Anaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa wakati mmoja, na Magharibi na Isha kwa wakati mmoja. Wanazuoni wengi huukadiria umbali wa safari hiyo kuwa ni kilomita 80 na zaidi kidogo. Anayekwenda Tabora au Dar es Salaam hana shaka yoyote juu ya jambo hili. Kutoka Kasulu hadi Kigoma ni kiasi cha kilomita 90, na kwa kuwa makadirio ya wanazuoni yanakaribiana na umbali huo, ni vizuri amwulize sheikh wa msikiti wake kabla ya kuondoka. Ruhusa huanza akishaziacha nyumba za kijiji chake. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, atasali kamili. Na akisali nyuma ya imamu mwenyeji, atamfuata kwa kutimiza.

Kuhusu Kibla, akiwa Kigoma kiko upande wa kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Akiwa Dar es Salaam ni karibu kaskazini halisi. Asubuhi akiliweka jua upande wa mkono wake wa kuume, uso wake utakuwa umekaribia kaskazini. Kisha popote anapofika awaulize wenyeji. Akikosa maji, au akiwa na maji ya kunywa tu, atatayamamu kwa udongo safi, basi na achukue kidogo ndani ya mfuko. Na akisafiri katika Ramadhani anaruhusiwa kula na kulipa baadaye. Lakini aliyepambazukiwa nyumbani akiwa amefunga, kisha akaondoka mchana, madhhabi yetu humtaka aikamilishe saumu ya siku hiyo, isipokuwa ikimzidia mashaka.

Jambo la nne ni kufika. Ajitahidi kufika mchana. Akifika usiku, abaki ndani ya kituo penye taa na watu mpaka kupambazuke, wala asikubali kupelekwa na mtu aliyejitolea kumbebea mzigo. Akipotea amwulize askari, au mwenye duka, au aende msikitini wakati wa sala. Asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri ya fedha za simu, ajapojiita ofisa. Na akipata shida kubwa, namba ya simu ya kuita polisi ni 112. Kwa habari za mtoto anayedhulumiwa, namba ni 116.

Ndugu wazazi, hapa lazima tuseme jambo lililo zito. Huja mtu kijijini na maneno matamu, akaomba binti wa miaka 12 au 14, akisema atampeleka mjini kwa kazi ya nyumbani na kumsomesha. Mara nyingine ni jamaa wa mbali, au mtu aliyetambulishwa na jamaa. Sharia yetu haikumwacha binti asafiri safari ndefu bila ya mahram wake, na hekima yake inaonekana hapa. Ulizeni: jina la mwajiri ni nani? Nyumba iko mtaa gani? Tunaweza kuzungumza naye kwa simu sasa hivi, na tena kila juma? Mwenyekiti wa kijiji anajua habari hii? Nani atamrudisha akitaka kurudi? Mwenye nia njema atajibu yote bila ya kuona uzito. Atakayekasirika amejibu pia, kwa hasira yake. Nchi yetu ilipitisha mwaka 2008 Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, na mwenye kumchukua mtoto kwa hadaa ili amtumikishe ana kosa mbele ya sheria hiyo, kama alivyo na kosa mbele ya Mwenyezi Mungu. Hali kadhalika kwa wale wanaoahidiwa kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba: asitoke mtu bila ya mkataba alioufahamu, wala asiiache pasi yake mikononi mwa mwingine kwa hiari yake. Mtoto ni amana, na amana hapewi mtu usiyemjua kwao.

Sasa nageuka kwenu, ndugu mlio mijini, ambao wasafiri huja kwenu. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Kiislamu, alitoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, peke yake, akikusudia Hija. Njiani alishikwa na homa. Alipofika Tunis, watu walitoka kuwapokea wasafiri, kila mmoja akimsalimu amjuaye. Yeye hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hakujulikana, na machozi yakamtoka. Mmoja wa mahujaji aliiona hali yake, akamwendea, akamsalimu na kuzungumza naye mpaka akatulia. Mtu huyo baadaye alifika mbali sana, hata mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa katika pwani yetu hii. Lakini katika mwanzo wa safari yake zote hizo, aliyemsaidia ni mtu mmoja aliyemtolea salamu.

Basi mkimwona kijana amesimama kando ya msikiti na mfuko wake, asiyejua pa kuvulia viatu, mtangulieni kwa salamu. Mwulizeni ametoka wapi. Mgeni ana haki ya siku tatu, nasi Waswahili tumesema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kumpokea, kisha kumwonyesha kazi ya halali. Na akiwa amekatikiwa na njia, hana nauli, kumbukeni kwamba katika makundi manane ya wenye haki ya Zaka yaliyotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, kundi la mwisho ni msafiri aliyekwama, hata kama kwao ana mali. Kamati za misikiti iliyo karibu na vituo vya mabasi na stesheni za reli zingefanya vyema kutenga fungu kwa ajili ya kuwalipia nauli za kurudi makwao vijana wa namna hii. Fedha ya nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kasulu si nyingi mbele ya jamaa nzima ya msikiti, nayo yaweza kuiokoa nafsi isiingie jela au kaburini kabla ya wakati wake.

Mwisho, ndugu Waislamu, msafiri akishamaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake. Awaarifu jamaa zake kabla ya kufika, wala asiwaingilie usiku kwa ghafla. Apitie msikitini akasali rakaa mbili. Na ambaye hakufanikiwa, asione aibu kurudi mikono mitupu. Wazazi, mpokeeni kwa furaha aliyerudi bila ya kitu, kwa maana wako wengi wanaobaki katika uovu wa mijini kwa kuogopa macho ya majirani. Mlango wa nyumbani ukiwa wazi, hiyo nayo ni nauli ya kurudi.

Ewe Mwenyezi Mungu, wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini. Wape wenzi wema na viongozi waaminifu. Waponye wagonjwa wao, waonyeshe njia waliopotea, wafungulie waliokwama. Waghufirie waliofia safarini, na uwape subira jamaa zao. Ewe Mola wetu, tujaalie safari yetu ya mwisho iwe ni ya kurejea Kwako hali ya kuwa uko radhi nasi. Amin. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Simameni kwa ajili ya Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.